Kutazama Sayari kwa Darubini ya Kwanza Ukiwa Lubumbashi

Kila kiangazi kikianza maswali ni yale yale. "Nimefunga darubini yote, mbona naona weusi mtupu?" "Zohali mbona ndogo hivi?" "Okulari ya milimita 4 si ndiyo yenye nguvu, mbona haionyeshi kitu?" (Okulari ni kile kipande kidogo cha lenzi unachowekea jicho.) Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata kazi yenyewe, hatua kwa hatua, kwa mwenye darubini ndogo na nafasi kidogo ya kuisimamisha kwenye lupango, yaani uwanja wa nyumba, awe Katuba, Kampemba au Golf hapa mjini.

Kwanza usahau picha zilizo kwenye boksi. Nyingi zilipigwa na vyombo vilivyorushwa angani. Wewe utaona kitu kidogo, na kikiwa kikali kitakutosha. Watu wengi hushindwa kwa sababu wanakimbilia kukuza, wakati kinachoamua ni vitu vinne: sayari iwe juu, darubini iwe imepoa, mguu unaoibeba utulie, na fokasi, yaani ukali wa picha, iwe sawa.

Kwa upande wa "sayari iwe juu", Lubumbashi ina bahati. Mji uko nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta, kwa hiyo njia ya sayari hupita karibu na utosi. Sayari yoyote kubwa, ikifika kileleni mwa safari yake ya usiku, huwa na kimo cha nyuzi 55 au zaidi. Mtu wa Brussels kuna miaka anaiona Zohali ikitambaa juu ya paa za majirani tu. Vitabu vya Ulaya humwambia msomaji atazame kusini. Hapa kwetu, mara nyingi sayari inapita kaskazini mwa utosi, kwa hiyo usimame ukitazama kaskazini.

Vinavyohitajika

- Darubini yenye kipenyo cha milimita 60 au zaidi. Zinazopatikana sana ni za lenzi za 70/700, na za kioo za 76/700, 114/900 na 130/650. Namba ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni urefu wa fokasi, zote kwa milimita.
- Okulari mbili: moja ya milimita 20 au 25, nyingine ya 10 hivi.
- Kitafutio: ile darubini ndogo ya pembeni, au kile kinachoonyesha nukta nyekundu. Cha nukta nyekundu kinataka betri ndogo ya duara. Uwe na ya akiba, maana husahaulika kikiwa kimewashwa.
- Simu yenye programu ya anga kama Stellarium. Ipakue mapema ukiwa na mtandao.
- Bidoni ya maji ya lita 5 na kamba.
- Kiti. Anayetazama ameinama na shingo imepinda haoni hata nusu ya anachokiona aliyekaa.
- Koti. Usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na kazi hii ni ya kukaa bila kutikisika.

Huhitaji giza kubwa. Sayari zinang'aa vya kutosha kushinda taa za mji, kwa hiyo usingoje umeme ukatwe. Taa ya jirani inayokupiga machoni ndiyo adui. Jifiche kwenye kivuli cha ukuta.

Hesabu moja tu

Gawa urefu wa fokasi wa darubini kwa milimita za okulari. Darubini ya 700 na okulari ya 25 hukuza mara 28. Ukiweka ya 10, mara 70. Kikomo cha akili ni kipenyo mara mbili: darubini ya milimita 70 isipite mara 140.

Sasa utazame boksi lililoandikwa "mara 525". Namba hiyo ilipatikana kwa kuchukua 700, kugawa kwa okulari ya 4, kisha kuzidisha mara 3 kwa lenzi ya Barlow. Hesabu ni sahihi, ila utakachoona ni ukungu mkubwa unaotetemeka. Okulari ya 4 na Barlow ya mara 3 ziache ndani ya boksi, hasa mwezi wa kwanza.

Hatua

1. Panga kitafutio mchana. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayozaa lile swali la weusi mtupu. Weka okulari ya 25, elekeza darubini kwenye kitu cha mbali kisichosogea, angalau kilometa moja: ncha ya mnara wa antena, au bomba kubwa la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, kama unaliona kutoka kwenu. Kilete katikati ya okulari na ukaze skrubu za mguu. Kisha, bila kuigusa darubini, zungusha skrubu ndogo za kitafutio mpaka ncha ile ile ikae katikati ya msalaba au chini ya nukta nyekundu. Weka okulari ya 10 na urudie. Usishangae mnara ukionekana kichwa chini au kushoto kukawa kulia. Darubini za anga ndivyo zilivyo.

   Onyo: usichague kitu kilicho upande wa jua, na usielekeze darubini kwenye jua hata kwa sekunde moja. Jicho linaungua bila maumivu, na halirudi. Kama ndani ya boksi kuna kichujio cha jua kinachofungwa kwenye okulari, kitupe: joto la jua lililokusanywa na lenzi huweza kukipasua ukiwa unatazama. Mtoto asiachwe peke yake na darubini mchana, na kifuniko kikae mahali pake.

2. Angalia saa ya simu yako. Congo ina saa mbili: Lubumbashi iko saa 2 mbele ya saa ya dunia (UTC), Kinshasa saa 1. Simu iliyowekwa kwa saa za Kinshasa, kisha mishale ikasogezwa kwa mkono ili ilingane na saa za hapa, huidanganya programu: anga lote linahama nyuzi 15, na nyota unayoitafuta haipo pale simu inaposema. Chagua Lubumbashi kwenye orodha ya miji. Kwenye programu za Kifaransa, Mshtarii imeandikwa Jupiter, Zohali ni Saturne, Zuhura ni Vénus, Mirihi ni Mars.

3. Chagua mahali pa kusimama. Udongo au majani ni bora kuliko saruji iliyopigwa na jua mchana kutwa, maana saruji hutoa joto hadi usiku na hewa inayopanda hapo huitikisa picha. Usitazame sayari iliyo juu kidogo tu ya mabati ya jirani, wala juu ya mbabula (jiko la mkaa) inayowaka. Kutazama kupitia dirishani kusahau kabisa, liwe limefungwa au wazi.

   Waambie majirani na mlinzi unachofanya. Mrija mrefu mweupe gizani hutafsiriwa vibaya. Usiuelekeze kwenye nyumba za watu, kambi au uwanja wa ndege.

4. Toa darubini nje mapema. Iliyotoka chumbani ina joto, na usiku wa kiangazi unapoa haraka. Ya lenzi ya milimita 70 iache nusu saa, ya kioo cha 130 dakika 45. Kabla ya hapo kingo za sayari huchemka, na utadhani umeuziwa kitu kibovu.

5. Tuliza mguu. Usivute miguu yote mpaka mwisho. Kadiri ilivyo mifupi ndivyo inavyotulia, na wewe umekalia kiti. Funga bidoni ya maji katikati, chini ya kisahani cha mguu, ikining'inia bila kugusa chini. Gonga mrija kwa kidole: picha ikiendelea kucheza zaidi ya sekunde 3 au 4, kuna skrubu imelegea.

6. Ondoa kifuniko chote. Vifuniko vingi vina kitundu kidogo chenye kizibo chake. Wanaoanza hutoa kizibo na kuacha kifuniko, halafu wanalalamika kwamba kila kitu ni giza. Kitundu kile ni cha kupunguza mwanga wa Mwezi mpevu.

7. Anza na Mwezi. Usiku ulio bora ni ule Mwezi ukiwa nusu, si mpevu, maana vivuli vya mashimo vinaonekana vizuri kwenye mstari wa mwanga na giza. Weka okulari ya 25, zungusha gurudumu la fokasi polepole, upite mahali palipo pakali, kisha urudi. Fanya hivyo mpaka mkono uzoee. Mtu anayejua kuweka fokasi kwenye Mwezi hatahangaika na Zohali.

8. Ilete sayari. Itafute kwa macho kwanza: sayari haimetimeti kama nyota, hasa ikiwa juu. Ngumi yako ukiwa umenyoosha mkono ni takriban nyuzi 10. Ngoja sayari ifikie ngumi tatu juu ya upeo wa macho kabla ya kuitazama. Iweke kwenye kitafutio, kisha utazame kwenye okulari ya 25.

   Ukiona duara kubwa la mwanga lenye doa jeusi katikati, hiyo siyo sayari iliyo karibu. Ni fokasi iliyoharibika, na doa, kwenye darubini za kioo, ni kivuli cha kioo kidogo kilicho ndani ya mrija. Zungusha gurudumu: duara linapungua, linapungua, mpaka linakuwa kidoa kidogo chenye kingo safi. Hapo ndipo mahali pake. Kinachokuwa kikubwa unapozungusha ni kosa. Sayari ikiwa kwenye fokasi huwa ndogo kuliko wakati wowote.

9. Hapo tu ndipo uweke okulari ya 10. Irudishe sayari katikati kabla ya kubadilisha, ubadilishe bila kusukuma mrija, na urekebishe fokasi tena. Dunia inazunguka: ukikuza mara 100, sayari huvuka okulari ya kawaida kwa dakika 2 hivi. Iweke ukingoni inakotokea, toa mikono, iache ipite, kisha uirudishe.

10. Kaa nayo. Hewa hutulia kwa nusu sekunde, halafu inachafuka tena. Mistari ya Mshtarii huonekana katika vipande hivyo vya utulivu. Anayetazama kwa sekunde kumi na kumpisha mwingine hajaona kitu. Dakika kumi kwa sayari moja ni kiasi cha chini.

Kila sayari na mambo yake

Mshtarii ndiyo ya kuanzia. Okulari ya 25 tu inatosha kuonyesha nukta hadi nne zilizojipanga karibu kwenye mstari mmoja: miezi Io, Europa, Ganymede na Callisto, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Ukiona tatu, mmoja uko mbele au nyuma ya sayari. Io inaizunguka Mshtarii kwa chini kidogo ya siku mbili, kwa hiyo chora nafasi za nukta saa 1 usiku, uchore tena saa 4, utaona tofauti siku hiyo hiyo. Ukikuza mara 70 hadi 100, mikanda miwili ya kahawia inajitokeza. Doa Kubwa Jekundu usilidai kwa milimita 70.

Kuhusu udogo wake, jaribu hesabu hii. Mshtarii ikiwa karibu na Dunia, ukiikuza mara 40 inaonekana kwa ukubwa ule ule wa Mwezi mpevu kwa macho matupu. Wengi hawaamini, maana kwenye okulari imezungukwa na weusi na hakuna paa wala mti wa kupimia.

Upinzani, yaani siku Dunia inapokuwa katikati ya sayari na Jua, ulikuwa tarehe 10 Januari 2026, na unaofuata ni Februari 2027. Yote inaangukia wakati wa mvua. Lakini Mshtarii hubaki nzuri miezi mitatu minne baada ya hapo, kwa hiyo jioni za Aprili na Mei, mawingu yakipungua, ndizo za kutumia.

Zohali inaonyesha pete kuanzia mara 30 hivi, kama sayari iliyorefushwa pembeni. Mara 70 unaona kitu kamili. Machi 2025 pete zilitugeuzia ukingo wake zikakaribia kutoweka, na tangu hapo zinafunguka polepole mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2030. Basi ukiona mstari mwembamba tu, darubini yako haina kosa. Nukta hafifu iliyo pembeni huenda ikawa Titan, mwezi wake mkubwa. Ihakikishe kwenye programu. Upinzani ni tarehe 4 Oktoba 2026 na 18 Oktoba 2027. Septemba ni mwezi mzuri, ila moshi wa nyasi zinazochomwa umejaa upeoni, kwa hiyo ngoja sayari ipande.

Zuhura watu huifungua usiku mzito na kuona mwali tu. Itazame mapema, jua likishazama kabisa na anga likiwa bado la buluu, ndipo umbo lake linaonekana: nusu, kisha mundu, kama Mwezi mdogo. Kadiri inavyoikaribia Dunia inakuwa kubwa na nyembamba. Kwa 2026 iko magharibi jioni kuanzia Machi mpaka Septemba, na tarehe 9 Juni inapita chini ya nyuzi 2 kutoka Mshtarii. Rangi ya zambarau kwenye kingo zake inatoka kwenye lenzi za bei nafuu. Rudisha kifuniko cha mbele, ufungue kile kitundu kidogo tu, itapungua.

Mirihi huvunja watu moyo. Inatukaribia kila baada ya miezi 26 hivi, na ile ya tarehe 19 Februari 2027 ni ya mbali: upana wake hautafika theluthi moja ya Mshtarii. Miezi mingine yote ni kidoa cha rangi ya chungwa. Zebaki ipo ukijua tarehe zake, na kwa kuwa hapa sayari hushuka karibu wima tunaiona vizuri kuliko Ulaya, lakini kwenye darubini ni nukta yenye umbo kidogo.

Kuhusu mguu wa ikweta

Darubini nyingi za 114 na 130 huja na mguu wa ikweta, ule wenye uzito wa kusawazisha. Maelezo yake yanasema uelekezwe kwenye Nyota ya Kaskazini. Kutoka Lubumbashi nyota hiyo iko chini ya upeo, haionekani kamwe. Unatakiwa kuelekeza mhimili kusini, nyuzi 12 tu juu ya upeo, na miguu mingi ya bei nafuu haifiki chini hivyo bila uzito kugonga mguu mmoja. Kama wako unakubali, panga mhimili kwenye nyuzi 90, usimame wima kabisa: sasa unasogeza juu-chini na kushoto-kulia, na kwa mwanzo huo unatosha. Anayenunua leo achukue mguu wa kawaida wa juu-chini na kushoto-kulia, au wa Dobson, ule wa kisanduku kinachozunguka juu ya kitako. Nao una kero moja: kitu kikiwa utosini kabisa, mrija unagoma kufuata. Ngoja kishuke mpaka nyuzi 70.

Mambo yakigoma

*Weusi mtupu.* Angalia kwa mpangilio: kifuniko cha mbele, kifuniko cha okulari, kisha kitafutio (rudi hatua ya 1). Kwenye darubini ya lenzi, hakikisha kile kipande cha kona chenye kioo kimewekwa. Bila hicho fokasi mara nyingi haifikiwi.

*Picha inachemka kama maji jikoni.* Darubini haijapoa, au unatazama juu ya paa. Baada ya saa moja ikiwa bado inachemka, hewa ya juu ndiyo imechafuka. Rudi kwenye okulari ya 25 au ulale.

*Picha haikai kali popote.* Punguza kukuza. Kama ni ya kioo na ilisafiri kwa lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, vioo huenda vimehama. Chukua nyota angavu iliyo juu, iweke katikati, haribu fokasi kidogo: miduara inatakiwa kuwa na kituo kimoja. Ikiegemea upande mmoja, zungusha skrubu za kioo kikubwa nyuma ya mrija, robo mzunguko kwa wakati, ukirudisha nyota katikati kila mara.

*Inatikisika kila ukigusa fokasi.* Bidoni. Kisha kaza skrubu za miguu.

*Ukungu umefunika lenzi.* Ni umande wa msimu wa mvua, au pumzi yako kwenye okulari. Usifute. Tengeneza kola ya karatasi ngumu nyeusi, sentimita 15 mbele ya lenzi, na okulari usiyoitumia iweke mfukoni ipate joto.

*Vumbi jekundu limejaa.* Vumbi kidogo haliharibu picha. Kitambaa ndicho kinachoharibu, maana punje za mchanga zinakwaruza. Puliza kwa pampu ndogo ya mpira, usitumie mdomo. Kioo kikubwa cha ndani usikiguse kabisa. Ukimaliza kutazama, acha darubini ikauke kabla ya kuifunika, na uihifadhi na mrija ukitazama chini.